Nani Anamwibia Baba

Molenhoek, 29 Agosti 2024

Kaka yangu Joris,

Juu ya bahasha nimeandika Bruda Alberik ili wasije wakairudisha, lakini humu ndani wewe ni Joris na utabaki Joris. Hujambo huko mlimani? Huku hatujambo, tukiacha magoti yangu. Peasi zimezaa mpaka matawi yameinama, nimezisindika kwenye mitungi na sasa sina pa kuiweka. Achiel, yule mwenzake Baba wa chama cha mbio za njiwa, anakusalimu. Anasema kwa kuwa wewe uko karibu na Mungu, umwambie ampunguzie Baba ushindi kidogo, maana yule njiwa jike mwenye doa jeupe ameingia wa tatu katika chama kizima na Baba hazungumzi lingine. Siku ile alitokwa na machozi, halafu akasema ni vumbi la bandani.

Sasa jambo lenyewe. Baba anasahau. Mara mbili nimekuta jiko linawaka na sufuria imekauka. Juzi alitoka na baiskeli kwenda kwa fundi saa ambaye tulimzika wewe ukiwa bado shuleni. Daktari ameanza kutaja nyumba ya wazee, na mimi nilimshika Baba mkono nikamwahidi kwamba atafia kitandani mwake, chini ya paa lake mwenyewe. Ahadi ni deni, na hili nataka kulilipa.

Nimenunua vidude vya kulinda mlango na jiko, vinavyonipigia kengele kwenye simu nikiwa kwangu au kazini. Muuzaji anasema programu zake zinaweza kukaa kwenye ile seva yenu, kompyuta ya darini, kila moja ndani ya kontena lake, kama kisanduku chake peke yake, kama vile wewe na Baba mlivyoweka programu ya orodha ya njiwa. Kazi hiyo ilikulisha miaka mingi kabla hujakimbilia kuimba zaburi. Niandikie hatua kwa hatua, kana kwamba unamwandikia mjinga.

Sikuombi kingine.

Dada yako,
Griet

Monasterini, 20 Septemba 2024

Dada yangu mpendwa Griet,

Amani iwe nawe na nyumba yote. Barua yako ilinikuta shambani tukichimba viazi. Mimi ni mzima, nimepungua mwili tu, na baridi imeanza mapema. Abate, mkuu wetu hapa, amenipa ruhusa ya kukujibu. Alipoona karatasi ya pili, ile ya maelekezo ya mashine, aliniuliza kama hii ni lugha ya Kikristo.

Nimesikitika kuhusu Baba. Najua mzigo huo unaubeba peke yako. Nakuombea kila alfajiri, na sina zaidi ya hapo la kusema.

Fanya hivi. Faili la Baba la mipangilio liko kwenye diski ya zamani, usiliguse kabisa. Ukimvurugia orodha yake ya njiwa atakusubiri mlangoni mwa mbinguni na fimbo. Wewe fungua folda yako kwenye diski mpya. Ipe jina Molenhoek, kama kila kitu cha kwetu, usije ukaipoteza. Ndani yake weka mipangilio niliyoiandika katika karatasi ya pili, herufi kwa herufi. Kisha toa amri ya kuwasha makontena, na mwisho wa amri usisahau neno la kufagia. Hilo huondoa masalia, yaani makontena ya zamani ambayo hayamo tena kwenye faili lako. Baba pia nilimfundisha hivyo: usiwashe bila kufagia. Na kila ukibadilisha mipangilio, hata kidogo, rudia amri ile ile.

Msalimie Baba. Mwambie nafurahi kusikia habari za yule jike.

Kaka yako katika Kristo,
Joris

Molenhoek, 3 Novemba 2024

Kaka yangu Joris,

Salamu kutoka kwenye matope. Juzi tulikuwa makaburini, nikampelekea Mama maua ya krisanthemu, ya njano, yale aliyokuwa akisema ni ya watu wasio na ladha. Hakulalamika. Baba alisimama wima muda wote bila kofia, nikamsifu. Chumba chako nimekipiga deki na kubadilisha shuka, si kwa sababu yoyote.

Kuhusu Baba, amezua jipya. Anasema kuna mtu anamwibia njiwa. Si njiwa wenyewe, hao wapo bandani wanakula kama wafalme. Anasema mtu anaingia kwenye seva na kuiba orodha yao, vizazi vyote, mbio zote, tangu siku mlipoanza kuandika. Anapanda darini, anashuka amenuna.

"Nimeirudisha tena," anasema. "Akija kesho atanikuta."

"Nani aibe orodha ya njiwa, Baba?"

"Achiel. Ana kijicho tangu mwaka wa themanini na nne."

"Achiel hata televisheni anawashiwa na mkewe!"

"Ndivyo anavyotaka mdhani."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Halafu nikaenda kukaa ndani ya gari nikalia, kwa sababu alikuwa hatanii.

Sasa la kwangu. Makontena yako yalifanya kazi vizuri majuma mawili matatu. Mlango ukifunguka, simu inalia. Jiko likisahauliwa, simu inalia. Kisha siku moja kimya. Naingia kwenye seva, hayapo. Sisemi yamezimika, Joris, hayapo kabisa, kama hayakuwahi kuwekwa. Nikagusa mipangilio kidogo, nikatoa amri, nikafagia, yakarudi. Baada ya siku chache yakatoweka tena. Nikabadilisha, yakarudi, yakatoweka. Nimesoma mabaraza ya mtandaoni mpaka macho yanawasha. Huko mmoja akisema ni diski, wa pili anamwita mpumbavu, wa tatu anawaambia wote wawili watupe seva wanunue anayotumia yeye.

Hiki kitu kina nini? Niambie haraka. Siku kikiwa kimya, silali.

Dada yako,
Griet

Monasterini, 28 Novemba 2024

Dada yangu mpendwa Griet,

Asante kwa maua ya Mama. Theluji imefika hapa mpaka madirishani na bomba la jikoni limepasuka, kwa hiyo tunayeyusha theluji ya kunywa kama watu wa kale. Naandika upesi kabla ya Majilio, maana baada ya hapo kalamu huwekwa chini.

Kuhusu makontena, nina shaka na mambo matatu. Diski mpya huenda inakatika kidogo; bonyeza waya wake. Au umeme wa darini unayumba, kama zamani Mama alipokuwa akipiga pasi. Au mashine inajisasisha yenyewe usiku na kupoteza ilichokuwa nacho. Kagua moja baada ya jingine, na kila baada ya kukagua, washa upya na ufagie vizuri. Ukiona maneno yoyote kwenye kioo wakati wa kuwasha, yachape unitumie. Mimi huku naitafuta mashine kwa kichwa tu, kama kipofu anayetafuta sindano.

Kuhusu Baba, usimbishie kwa ukali. Tuna mzee mmoja hapa mwenye ugonjwa huo, na tumejifunza. Mwambie kwa upole kwamba hakuna mwizi. Mwambie hivyo kila akilileta. Polepole moyo wake utatulia.

Kuhusu chumba, unazijua kanuni zetu. Najua hukuuliza.

Kaka yako katika Kristo,
Joris

Molenhoek, 24 Februari 2025

Joris,

Natumaini u mzima. Nimepika chapati za maji sikukuu ya kubariki mishumaa kama Mama alivyotaka, Baba akala sita na kuniambia mimi na Mama tunafanana mikono. Hiyo ndiyo habari njema, nimeitanguliza.

Waya nimebonyeza. Umeme nimeita fundi, mzima. Kujisasisha nimezima. Makontena yanatoweka vile vile, na kila yakitoweka nayarudisha na kufagia kama ulivyosema. Baba naye hachoki. Kila nikija, orodha yake imeibwa. Mwezi wa kwanza ulikuwa wakati wa kuwapandisha njiwa, na alipotaka kuangalia nani ni mtoto wa nani, ukurasa ukagoma kufunguka. Akawaoanisha kwa kumbukumbu. Akamuoza yule jike mwenye doa kwa ndugu yake wa damu. Achiel alipogundua alitangaza chamani, wanaume wazima wakacheka mpaka bia ikamwagika, na Baba akiwa amekaa pale pale. Hajarudi chamani tangu siku hiyo. Mtu aliyekuwa akitaja nasaba za njiwa kama padri anavyotaja watakatifu!

Kisha akamgeukia Nadine, yule muuguzi wa asubuhi. Akamwambia mbele yangu, "Wewe ndiye mwenye ufunguo. Rudisha njiwa wangu nisikuitie polisi." Nadine amelia, amekataa kuja tena.

Tarehe kumi na tatu alitoka nje. Kengele haikulia, maana makontena yalikuwa yametoweka tena na mimi sikujua. Mkulima jirani alimkuta kwenye mtaro wa maji, baiskeli juu yake, midomo ya buluu. Nyonga haikuvunjika, tushukuru. Lakini daktari amesema basi. Kikao cha kumpangia mahali ni tarehe ishirini mwezi wa tatu. Kwenye karatasi yake ameandika mambo mawili makubwa: kwamba nyumba haiwezi kumlinda, na kwamba mzee anaamini anaibiwa na hakubali kuambiwa vinginevyo.

Jana Baba aliniuliza, "Na wewe, Griet, unaona nimechanganyikiwa?"

Nikamjibu, "Hakuna mwizi, Baba."

"Sikukuuliza hilo," akasema, akageukia dirisha.

Nikiweza kumwonyesha daktari kwamba vidude vinafanya kazi mwezi mzima bila kukatika, nimepata hoja. Sina nyingine. Nimeambatanisha yote ambayo mashine ilisema nilipowasha jana. Mimi naona utitiri wa maneno tu. Tafadhali, Joris, jibu kabla ya Kwaresima. Sitaki kusema zaidi, nitasema vibaya.

Griet

Monasterini, 21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Griet, dada yangu,

Kristo amefufuka. Nisamehe mwandiko, naandika kwa haraka.

Barua yako ilifika siku moja baada ya Jumatano ya Majivu. Zinazofika katika Kwaresima abate huzifungia kabatini mpaka Pasaka, ni desturi yetu, hakuna anayeulizwa. Nimeipata jana baada ya misa. Nilipofika kwenye tarehe ya kikao, nikaketi kwenye ngazi.

Kisha nikasoma karatasi uliyochapa. Mstari wa nne kutoka juu, mashine inasema wazi: Molenhoek, kontena la njiwa, limeondolewa. Chini yake ndipo yanapowashwa ya mlango na jiko.

Nitakueleza kama ilivyo. Mashine haiangalii folda iko kwenye diski gani, inaangalia jina lake tu. Folda ya Baba inaitwa Molenhoek. Wewe ungetarajia nini? Baba ameandika Molenhoek, jina la kwetu, kwenye ngazi, kwenye ndoo, kwenye toroli, hata kwenye mpini wa koleo la theluji, majirani wasije wakakopa wakasahau. Mimi nami nikakuambia yako uiite hivyo hivyo, bila kufikiri, kama mtoto wa nyumba ile. Kwa mashine, folda mbili zenye jina moja ni kaya moja. Ukiwasha kwa faili lako, inatazama, inaona kontena la njiwa halimo katika faili hilo, inalihesabu kuwa masalia. Na neno la kufagia linalitupa nje. Baba akipanda darini akarudisha orodha yake, anafagia kama nilivyomfundisha, na ya kwako yanatupwa nje. Kila mmoja wenu alikuwa anamfuta mwenzake, kwa amri niliyowafundisha mimi.

Baba alikuwa anasema kweli, Griet. Orodha yake ilikuwa inaondolewa, tena na tena. Hakuota. Alikosea mtu tu.

Novemba uliniandikia yote mawili katika barua moja, la Baba na la makontena, na mimi nikalijibu la kwanza kama mtawa na la pili kama fundi. Nikakutuma ubonyeze waya. Hili haliondoki kwa sala.

Dawa yake ni ndogo mno, naona aibu kuiandika: badilisha jina la folda yako, liwe lolote, kisha washa. Orodha yenyewe haijapotea, data yake iko kwenye diski. Kilichokuwa kinatoweka ni kontena la kuisomea. Mpeleke daktari karatasi hii. Mwambie yale mambo mawili makubwa aliyoandika ni jambo moja, na si la Baba.

Niambie sijachelewa. Niambie kikao kiliahirishwa.

Joris

Molenhoek, 4 Mei 2025

Joris,

Nimepata barua yako. Nakusalimu. Hasira nilikuwa nayo siku mbili, sasa imeisha, sina tena nguvu ya kuilisha.

Kikao hakikuahirishwa. Baba yuko nyumba ya wazee tangu mwisho wa mwezi wa tatu. Ni mahali safi, supu yao ni ya moto, wauguzi wanamwita Bwana Omer. Njiwa hawaruhusiwi. Tuliwauza wote kwa siku moja, kama desturi ya mtu anayeacha, kila mmoja ndani ya kikapu na namba yake. Achiel alimnunua yule jike mwenye doa. Alinipa mkono bila kuniangalia usoni, akasema, "Nilicheka siku ile. Sikupaswa kucheka." Nikamwambia aende zake nyumbani.

Nilipoisoma barua yako nilipanda darini. Nilitaka nione kwa macho yangu. Nilirudisha orodha ya Baba kwa faili lake, ikafunguka, njiwa wote, hata yule jike na nasaba yake mpaka kwa babu za babu zake. Nikaiacha wazi. Halafu nikawasha ya kwangu na kufagia, kama nilivyofanya majira yote ya baridi nikijiona binti mwema. Ukurasa ukafa mbele yangu. Nilikaa sakafuni pale, kwenye vumbi, nikakumbuka uso wake kila aliposhuka ngazi ile.

Kisha nikabadilisha jina. Yote yakasimama pamoja, ya mlango, ya jiko, ya njiwa. Yamesimama tangu siku hiyo, hayatikisiki, katika nyumba isiyo na mtu.

Daktari nilimpelekea karatasi. Aliisoma mara mbili, ni mtu wa haki. Alisema inasikitisha, na kwamba ugonjwa wenyewe upo hata hivyo, na kuhamisha mzee mara ya pili ni kumuua. Pengine ni kweli. Peasi zimechanua na kitanda chake nimekitandika, na sitamlaza humo.

Jumapili nilikwenda kwake. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani.

"Baba," nikamwambia, "orodha yako ya njiwa ilikuwa inafutwa kweli. Mimi ndiye niliyekuwa naifuta, bila kujua. Wewe ulikuwa unasema kweli tangu mwanzo."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto mwenye homa.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Joris. Amegundua kosa lilipo."

"Mwacheni Joris asali. Msijisumbue kunifurahisha, binti yangu. Hapakuwa na mwizi. Ulinieleza mwenyewe, tena kwa upole, na daktari akanieleza, mpaka nikaelewa. Na yule binti Nadine, nimemwandikia kumwomba radhi."

"Baba, si ugonjwa. Ilitokea kweli!"

Akanishika mkono, akaupigapiga, akanisogezea biskuti yake ya kahawa.

"Nimepona, mwanangu. Tangu nianze vidonge hivi, unaona, hakuna kitu changu kilichopotea tena."

Mimi hanisikii, Joris. Nilimwambia hakuna mwizi majira yote ya baridi, na hatimaye ameniamini. Kwa mambo ya ile mashine alikuwa akikusikiliza wewe peke yako. Sijawahi kukuomba uje, hata baada ya mazishi ya Mama sikukuomba ubaki. Sasa nakuomba. Mwambie abate chochote unachotaka, ila njoo umwambie Baba kwamba hakuwa na wazimu, kabla hajasahau kwamba alituambia.

Dada yako,
Griet